Kurekodi nyumbani kwa biti: sauti inabaki nyuma

Mwimbaji wa Moro:
Habari zenu wadau. Ninaimba nyimbo za injili, na prodyuza mmoja hapa Morogoro amenitengenezea biti (muziki wa kuimbia) na kunikabidhi katika mfumo wa MP3. Kwa kuwa malipo ya studio yananielemea, nimeamua kurekodi chumbani kwa kompyuta mpakato yenye Windows, programu ya Audacity na maikrofoni ndogo ya kuchomeka tundu la hedifoni. Nikisikiliza nilichorekodi, sauti inabaki nyuma ya biti, tena inavuma kana kwamba niliimbia bafuni. Je, nitangulize kununua maikrofoni ya kondensa, ile inayonasa hata sauti ndogo?

Fundi Mitambo:
Mkuu, kondensa isubiri. Kuchelewa huko hakuletwi na maikrofoni, bali na muda ambao kompyuta huutumia kupokea sauti na kuitoa, muda ambao Audacity huufidia kwa makadirio tu: kwa kawaida huiwahisha sauti iliyorekodiwa kwa milisekunde 130, bila kujali mashine yako ikoje. Tengeneza mdundo wa kuhesabia ndani ya programu hiyo, weka hedifoni juu ya maikrofoni, urekodi mdundo huo, kisha kuza picha ya mawimbi mpaka uone pengo kati ya mlio wa asili na ule uliorekodiwa. Pengo hilo ndilo la kurekebisha kwenye mipangilio ya fidia. Hedifoni za Bluetooth usizitumie kabisa, kwa sababu zina ucheleweshaji wao. Fedha ikipatikana, nunua kadi ya sauti ya nje ya USB, kama vile Behringer UM2 au Focusrite Scarlett Solo, ambazo zina kitufe cha kukuwezesha kujisikia unapoimba bila sauti kuzunguka kwenye kompyuta.

Mzee wa Kwaya:
Naongezea kuhusu mvumo, maana hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani hazizuii sauti. Hupunguza kidogo tu mrudio wa sauti kali, huku mvumo wa chini ukibaki pale pale. Simamisha godoro nyuma yako, si nyuma ya maikrofoni, kwa kuwa maikrofoni nyingi za uimbaji husikiliza upande wa mbele, yaani kinywa chako pamoja na ukuta ulio mgongoni mwako. Nguo nyingi zilizotundikwa nazo husaidia sana. Kwa nyumba ya bati isiyo na dari, ningechagua maikrofoni ya dainamiki kama Shure SM58, ambayo huimbiwa kwa karibu, kuliko kondensa inayohitaji umeme wa volti 48 na ambayo itakuletea feni, bodaboda na jogoo wa jirani bila kualikwa.

Fundi Mitambo:
Hapo kwenye dainamiki tuko pamoja, mzee. Kuhusu biti, mwombe prodyuza faili la WAV (sauti isiyobanwa kama MP3) ambalo halijafanyiwa masta, yaani ule ukamilishaji wa mwisho. Biti iliyokwisha kukandamizwa ili isikike kwa nguvu haiachi nafasi ya sauti, na ukiipandisha sauti ili ishindane nayo, vyote viwili vitakwaruza. Ishushe biti kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 6 hivi kabla hujaanza, rekodi kwa biti 24 (hizi ni za kompyuta, si za prodyuza), na uache vilele vya sauti viishie kati ya desibeli -12 na -6.

Mwimbaji wa Moro:
Nashukuru sana wakuu. Nimepima pengo, nimerekebisha fidia, na sauti sasa inakwenda na biti. Umebaki mngurumo mwembamba ambao hukoma nikichomoa chaja.

Mzee wa Kwaya:
Huo ni wa umeme, na huwapata zaidi wenye chaja za pini mbili zisizo na waya wa ardhi. Jaza betri kwanza, kisha rekodi chaja ikiwa imechomolewa. Kuchanganya sauti na biti unaweza kufanya baadaye ikiwa imechomekwa.