Nailoni ya kutandaza matuta imebaki vipande shambani, nifanyeje?

Jembe_Kavu: Wakuu, habari za saa hizi. Nalima nyanya na huu ni msimu wa nne natandaza nailoni nyeusi kwenye matuta. Magugu yamepungua na unyevu unakaa, hapo sina lawama. Kasheshe ni kuitoa: inachanika ovyo, na nakiri misimu miwili ya mwanzo nililima juu yake. Sasa kila jembe likishuka linaibuka na vipande kama ukucha. Nasikia plastiki inaingia hadi kwenye mizizi, ni kweli? Na hii nailoni "inayooza yenyewe" itanisaidia? Matusi pembeni tafadhali.

Mkulima_Mkaidi: Unajitafutia presha bure. Ukucha wa nailoni upenye vipi kwenye mzizi? Lima mkuu.

Darubini: Mkaidi umepata nusu. Kipande hicho hakipenyi, ila jua na jembe vitakisaga mwaka hadi mwaka. Mwaka 2020 watafiti wa China walichapisha majaribio ya ngano na saladi. Chembe za plastiki za mikromita 0.2, na hata za 2 (yaani milimita moja igawe mara 500), zilipita kwenye nyufa ndogo pale mzizi wa pembeni unapochomoza, kisha zikapanda juu na maji. Mzizi una kizuizi chake cha ndani, lakini hapo panapochomoza panakuwa wazi kwa muda.

Usianze kung'oa nyanya lakini. Zile zilikuwa chembe za mviringo zilizotengenezwa maalumu, si masalia ya nailoni ya shamba. Kwako hasara ya karibu zaidi ni udongo: vipande vikirundikana maji hayashuki vizuri na mizizi inakosa njia.

Mama_Bustani: Mwanangu, mimi nilishapita huko. Mavuno yakiisha usiiache ikae juani hata wiki. Kata mashina, subiri udongo uwe na unyevu kiasi, anza kuvuta kutoka kichwa cha tuta polepole. Vipande vya zamani okota kwa ndoo kabla ya kulima. Inachosha, sikudanganyi. Wala usichome. Halafu acha kununua nyembamba kama ngozi ya kitunguu. China kwenye kiwango chao cha mwaka 2017 walipandisha unene wa chini kutoka milimita 0.008 hadi 0.01, maana ile nyembamba haikusanyiki.

Jembe_Kavu: Shikamoo mama, asante. Na hiyo inayooza?

Darubini: Hapo ndipo watu wanapigwa. Kuna ambayo ni plastiki ileile, imetiwa dawa ya kuifanya imeng'enyeke juani. Hiyo inakutengenezea chembe haraka zaidi. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku bidhaa za aina hiyo tangu 2021. Nyingine huliwa kweli na vijidudu vya udongo. Tafuta alama EN 17033, yaani kiwango cha Ulaya cha nailoni ya matuta inayooza udongoni: kipimo chake ni angalau asilimia 90 kugeuka hewa ya kaboni ndani ya miaka miwili, tena kwenye joto la maabara. Udongo wa baridi au mkavu utachukua muda zaidi.

Jembe_Kavu: Nimekagua roli niliyoletewa. Haina namba yoyote, imeandikwa tu "huvunjika kwa jua". Narudisha. Kesho naanza na ndoo.

Mkulima_Mkaidi: Nimejaribu tuta moja kwangu. Ndoo ya lita 20 imejaa na sijafika katikati. Msinicheke.