Wakuu, vidole vinakufa ganzi nikivua mtoni huku Uskoti. Ninunue glavu gani?

Mwana_Ukerewe
Habari za muda huu wakuu. Nipo Perth, Uskoti. Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya mapumziko, nashinda Mto Tay natafuta samoni kwa fimbo ya kuvulia, maji yakinifika mapajani. Tatizo ni mikono. Nikianza saa tatu asubuhi, saa nne vidole haviwezi kufunga hata fundo. Mvua ya rasharasha, upepo, na kipimajoto kinasema maji ni nyuzi 4. Glavu za pamba nimejaribu, bure kabisa. Dukani kuna za neoprini (mpira laini kama sponji) pauni 25 na za ngozi pauni 60. Zipi? Nataka jibu la glavu tu, msinipeleke mbali.

Kijiko_cha_Mwiko
Ngoja waje wataalamu. Ila Jumapili saa tatu mkuu, ibada unaswali saa ngapi?

Fundi_Ndoana
Ngozi achana nayo, ikilowa inageuka dekio. Pamba ndiyo mbaya kuliko zote, inanyonya maji na kuyabana kwenye ngozi. Neoprini ya milimita 2 ni nzuri mkono ukiwa ndani ya maji, lakini wewe mkono uko hewani muda mwingi: upepo unakausha maji yaliyo juu ya glavu, na yakikauka yanaondoka na joto lako.

Fanya hivi. Ndani vaa nitrili nyembamba, zile za hospitali. Juu yake sufu ya nusu vidole yenye kifuniko cha kugeuza. Nitrili inazuia maji, sufu inatunza joto hata ikiwa na unyevu. Nitrili inakusanya jasho, kwa hiyo badilisha kila saa moja. Sufu beba jozi tatu, mbili zikae kwenye mfuko wa nailoni wa zipu, na ubadilishe kabla baridi haijaingia. Ukisubiri ganzi umechelewa.

Halafu glavu iingie CHINI ya mkono wa koti. Ukiivaa juu, mvua itateremka kwenye koti na kujaa humo kama mfereji wa bati unavyojaza pipa.

Mzee_wa_Kiporo
Yote hayo ya nini? Konyagi nusu kikombe, mikono inachemka.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Mzee, pombe inafungua mishipa ya ngozi. Unajisikia moto kwa sababu joto la tumboni linatoka nje. Baadaye mwili unazidi kupoa, na umesimama kwenye mto. Sigara nayo inabana mishipa ya vidole. Abebe chai ya tangawizi kwenye themosi, sukari isipungue.

Mleta uzi, vidole vinabadilika rangi? Vyote au baadhi? Na kuna dawa unayotumia?

Mwana_Ukerewe
Rangi kawaida tu. Tubaki kwenye glavu jamani. Vile vifuko vya unga wa chuma vya kupasha mikono vinafaa?

Fundi_Ndoana
Vinafaa ukivijua. Unga ule unapata moto kwa kukutana na hewa, kwa hiyo ndani ya glavu iliyolowa vinazima. Fungua dakika 20 kabla ya kuanza. Viweke upande wa ndani wa kifundo cha mkono, damu inapopita karibu, juu ya nguo na siyo kwenye ngozi: kidole chenye ganzi kinaungua bila kukupa taarifa.

Ila kifua kikipoa, mwili unanyima vidole damu ili uokoe moyo na ini. Kofia, kitambaa cha shingo na sweta la sufu vinapasha mikono kuliko glavu ya pauni 60. Mafundo yote funga nyumbani, uende na mishipi yenye ndoana tayari imezungushiwa kwenye sponji.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Narudia swali. Kwenye ngozi yetu usitazame mgongo wa mkono, tazama kiganja na kucha.

Mwana_Ukerewe
Sawa. Vidole viwili vya kati vinakuwa vyeupe kama chaki, baadaye vinaingia ubuluu. Nikirudi ndani vinawaka moto. Dawa ni ya presha tu, atenololi, miligramu 50 kila siku. Ndiyo maana mengine sikuyaandika, nilijua mtanivamia. Nimeshajitibu: Jumamosi na Jumapili simezi. Wiki mbili sasa, na sijafa.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Hapo ndipo palipo na uzi wenyewe. Atenololi, propranololi, bisoprololi, zote zinaweza kuifanya mikono na miguu iwe baridi, na ulichoeleza kinafanana na hali ya Raynaud, yaani mishipa ya vidole kubana kupita kiasi kwenye baridi. Lakini kuikatisha ghafla ni hatari: presha na mapigo vinaweza kuruka juu, na kwa wengine kifua kikabana. Wewe unaruka dozi, kisha unaingia kwenye maji ya nyuzi 4. Meza kama ulivyoandikiwa, na kesho muulize mfamasia, ni bure. Zipo dawa za presha za kundi lingine, mfano nifedipini, ambayo hata wenye Raynaud hupewa. Kubadilisha ni kazi ya daktari, hatua kwa hatua.

Mwana_Ukerewe
Lakini mikono ilikuwa na nafuu. Na kibali cha Jumapili hii nimeshalipia, hela hairudi.

Mpelelezi_Huru
Wakuu, hii ni chai, tena ya rangi. Kuvua samoni Jumapili huko Uskoti ni kosa kisheria. Na Mto Tay samoni wamefungwa tangu 16 Oktoba mpaka 14 Januari. Leo ni Desemba. Jamaa yupo Tandale kajifunika shuka.

Kijiko_cha_Mwiko
Nilijua tu. Chapati ziletwe.

Mwana_Ukerewe
Sipo Tandale. Navua greilingi, samaki mwingine wa mtoni. Niliandika samoni kwa sababu greilingi hamumjui na mngeanza kuuliza. Yeye hana katazo la Jumapili, na majira ya baridi ndiyo wakati wake.

Mpelelezi_Huru
Ana nini mgongoni?

Mwana_Ukerewe
Pezi kubwa kama tanga la ngalawa.

Mpelelezi_Huru
Nimeondoa vikombe mezani. Endeleeni.

Fundi_Ndoana
Kumbe greilingi! Ungesema mapema. Huyo usimshike kwa sufu kavu, unamtoa ute. Jino la ndoana libane kwa koleo tangu nyumbani. Akiingia kwenye wavu mwache majini, shika ndoana kwa koleo, pindua, anaondoka. Mkono haujalowa na samaki hajaguswa. Taulo dogo lining'inie shingoni, ukilowa futa kwanza ndiyo uvae. Ganzi ikianza, zungusha mikono kama pangaboi mara 30, au ifiche kwapani. Usiikimbilize kwenye maji ya moto.

Mwana_Ukerewe
Mfamasia amenikalipia kama mtoto. Vidonge nimerudia, daktari ni Jumatano. Jumapili naenda.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Basi usiingie majini. Vua ukingoni, na usiende peke yako.

Fundi_Ndoana
Dakika 40 mtoni, 15 garini. Kidole kikiwa cheupe, siku imeisha.

Mwana_Ukerewe
Sawa. Sasa saizi, mkono wangu ni M.

Fundi_Ndoana
Nitrili M, sufu L.