Naomba ushauri: boti ya aluminiamu, tumbo linabonyea baada ya kutoa sakafu

Jambo ndugu zangu wa Bukavu, na wote munaofanya kazi ziwani. Boti yetu ya aluminiamu, mita 5, inabeba watu na mizigo kati ya Bukavu na kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu. Sakafu ya tripleksi (mbao za tabaka zilizogandishwa) ilikuwa imeoza, tukaing'oa yote. Povu la chini lilikuwa limenyonya maji mpaka likawa zito sana. Sasa ukikanyaga katikati bati linabonyea, na mbavu mbili (vipande vya ndani vinavyokaza bati) zimeachia ribiti, ile misumari inayozishika kwenye bati. Naogopa mawimbi, maana humo wanapanda mama zetu wa soko.

Fundi mmoja anataka kuchomelea. Nasita: aluminiamu iliyofanywa ngumu kiwandani ikipata moto hulegea kando ya mshono, na bati hili ni jembamba. Naona afadhali kona za aluminiamu (vipande virefu vya umbo la L) zilale kwa urefu, zifungwe kwenye mbavu kwa ribiti ngumu (zisizo na tundu ndani, za kugongwa kwa nyundo), kisha tripleksi ya milimita 12 ishikwe kwenye kila ubavu ili vyote vikazane pamoja. Mbao zenye dawa ya shaba sizitaki kabisa, zinakula aluminiamu.

Waliokwisha kufanya: kona moja katikati inatosha, ao ziwe mbili, kila upande yake? Na ribiti ngumu za aluminiamu munazipata wapi, Bukavu hapa ao mpaka Goma?