Matajiri wa malori, siku za foleni mpakani ni kazi. Tulipeni!

Wakuu, salaam.

Mimi ni dereva wa semi, njia ya Dar, Tunduma, Zambia mpaka Kongo. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Wengi wenu mnatuona siku lori likipinduka Mbeya, na hapo neno linakuwa moja: uzembe wa dereva. Leo nisomeni kabla halijapinduka.

Wiki yetu inaanzia kwenye kusubiri. Unaambiwa kontena linatoka leo, halafu kesho, halafu karatasi moja haijagongwa muhuri. Muda wote huo lori liko mikononi mwako. Ukienda nyumbani kuoga simu inaita: uko wapi, mali ya watu umemwachia nani? Lakini kwa tajiri hiyo haiitwi kazi. Sisi tunalipwa kwa safari. Mshahara ni mdogo, posho ya njiani ndiyo pesa yenyewe, na posho hiyo ni ile ile urudi baada ya siku kumi au baada ya mwezi na nusu.

Hapo ndipo dhuluma yote inapoanzia, naomba mnielewe vizuri. Ukimlipa mtu kwa safari, kila saa anayokaa foleni anaila yeye na watoto wake. Mwenye mzigo hachelewi kwa hasara ya tajiri peke yake, anachelewa kwa hasara yangu. Ndiyo maana lori likishapata mzigo dereva anakimbia usiku kucha. Msituambie tunapenda mbio.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi: saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na hata ukiongeza za ziada mwajiri haruhusiwi kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Kuna mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza yake. Nionyesheni dereva mmoja wa masafa marefu aliyewahi kuiona hiyo nyongeza kwenye malipo yake.

Unatoka Dar, unapima uzito mizani ya Vigwaza, unapima tena Mikese. Kikomo ni tani 56 kwa gari zima lenye mzigo, lakini hata ukiwa chini ya hapo, ekseli moja ikizidi umekamatika. Mzigo nimepakiwa na watu wa ghala, mara nyingi siruhusiwi hata kusogea wakipanga. Ikizidi ekseli ya nyuma, ofisini wanasema dereva hakusimamia upakiaji, na pesa inakatwa kwangu. Tairi limekuwa kipara, nimeliandikia ripoti, limeachwa. Trafiki akilikamata ni elfu 30, na natoa mimi mfukoni. Tairi ni la nani?

Mafuta ndiyo usiseme. Unapimiwa lita za safari nzima kana kwamba barabara yote ni tambarare na hakuna foleni. Ukipungukiwa, hiyo ni shoti, inakatwa. Sasa mtu aliyekwisha kupanda mlima Kitonga na tani zake, akiona lita zinaisha, anafanya nini akifika kwenye mteremko? Anaachia frii, yaani anatoa gia gari liserereke lenyewe. Kila dereva anajua frii inaua, kwa sababu injini haishiki tena gari, breki zinabeba uzito wote, zinachemka, zinagoma. Halafu mnakuta lori limeparamia daladala na maduka, na watu wa Iwambi au Mbalizi wanazika ndugu zao. Wale marehemu wananiuma mno. Polisi wakamate dereva aliyekosea, sawa. Ila siku moja mmoja wenu aende ofisini kwa mwenye gari aulize: huyu alipewa lita ngapi, na alilala lini mara ya mwisho?

Zamani tulikuwa na utingo. Siku hizi kampuni nyingi zimemwondoa ili kupunguza gharama. Upo peke yako. Unaendesha, unalinda, unakagua turubai, unafuatilia nyaraka, unaamka saa 9 usiku kusogeza gari hatua chache kwenye foleni.

Foleni yenyewe Tunduma mnaijua. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019 na marais wawili, Magufuli na Lungu, tukashangilia kwamba sasa tunakaguliwa mara moja na kuvuka. Bado kuna siku malori yanapangana mpaka Mpemba. Mtandao ukikatika upande mmoja, wote tunakaa. Choo cha kulipia, bafu la kulipia, chakula kwa mama ntilie cha kulipia, mlinzi wa usiku wa kulipia, maana usipomlipa unaamka tangi limenyonywa na ile nayo ni shoti yako. Zote hizo zinatoka kwenye posho ya safari iliyohesabiwa kana kwamba hujasimama popote. Ukivuka Nakonde, upande wa Zambia, unashusha pumzi kidogo, halafu Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, inakusubiri na foleni nyingine, na huko ukiibiwa hujui pa kulia.

Sheria hiyo hiyo inasema mfanyakazi anayekwenda kufanya kazi nje ya Jamhuri ya Muungano lazima mkataba wake uwe wa maandishi. Lazima! Sisi tunavuka mipaka miwili, na nina wenzangu ambao hawajawahi kushika karatasi. Walisainishwa kitu ofisini, nakala ikabaki kabatini kwa bosi. Mwaka 2015 madereva waligoma nchi nzima, Aprili kisha Mei, na mikataba ilikuwa katika madai yao. Serikali ikaunda kamati. Miaka imepita, kijana anaajiriwa leo kwa simu na kufukuzwa kwa simu.

Na akifukuzwa? Kwenda CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, kulalamikia kuachishwa kazi una siku 30, madai mengine siku 60. Jamaa yangu alipigiwa simu akiwa Kolwezi, Kongo, kwamba akirudi akabidhi funguo. Alirudi na gari la watu salama, na shaba ya watu salama, muda wake mwingi ukiwa umeishia barabarani.

Mwanasheria yeyote aliyemo humu anijibu: kwa mtu kama huyo siku zinaanza kuhesabiwa ile siku ya simu, au siku aliyokabidhi funguo? Na siku za foleni zinaweza kudaiwa kama saa za kazi ikiwa mkataba umeandika "kwa safari"?

Madereva wenzangu, wekeni hapa: una nakala ya mkataba mkononi au huna? Unalipwa siku za kusubiri mpakani au hulipwi? Taja njia unayopita. Jina la kampuni acha kama unaogopa kupoteza kazi. Nakusanya haya majibu niyapeleke kwa maandishi ofisi ya kazi, na nitaweka hapa watakachojibu.