Mgombea wetu hana mvuto, na ukisema unaitwa msaliti

Wakuu, nimechoka kunyamaza. Kila nikisema mgombea ubunge tuliyeletewa hapa jimboni hana mvuto, viongozi wa chama wananijia juu: "Mbona Kibaki wa Kenya hakuwa mtu wa majukwaa na alishinda urais?"

Huo mfano wa Kibaki uacheni, mnaurusha tu. Desemba 2002 alipata ajali ya gari, akapelekwa kutibiwa London kampeni zikiwa zimepamba moto. Nani alizunguka nchi kumwombea kura? Raila Odinga na wenzake, Raila huyo huyo aliyesema "Kibaki tosha" pale Uhuru Park. Tena walikuwa wanapambana na chama cha KANU, kilichokaa madarakani tangu uhuru na watu wamekichoka hadi kooni. Hapo utakosaje asilimia 62? Sisi Raila wetu yuko wapi?

Mwingine kanitajia Lowassa alipogombea urais hapa kwetu Tanzania 2015, eti alikuwa anaongea dakika chache na bado mafuriko ya watu. Ndiyo, mtu aliyewahi kuwa waziri mkuu! Na mafuriko yote yale hayakufika asilimia 40 ya kura, mbele ya Magufuli aliyepiga pushapu jukwaani mkamcheka.

Sasa wetu. Juzi mkutano wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, msanii kaimba, watu wamejaa hadi juu ya mitumbwi. Mgombea kapewa maiki, katoa makaratasi, kaanza kusoma. Kusoma! Kichwa chini mwanzo mwisho. Mama mmoja muuza dagaa akapaza sauti: ushuru wa mwaloni utapungua lini? Jibu lake: "Hilo lipo kwenye ilani, mtalisoma." Mama akajitwika beseni lake, akaondoka. Wengi wakamfuata. Bodaboda tuliowawekea mafuta walishatimka na msanii kitambo.

Simtaki awe mchekeshaji. Yule wa upande wa pili hana sera hata moja ya maana, ila kwenye misiba yupo, anashika sepetu na vijana, na watoto wa watu anawaita kwa majina. Wetu tulimwona mara ya kwanza kwenye bango. Na aliyeongoza kura za maoni mlimkata jina, mpaka leo sababu hamjatuambia.

Mwenyekiti wa wilaya, najua unapita humu. Mnyang'anyeni yale makaratasi, mpelekeni mwaloni alfajiri bila msafara wala spika, amtafute yule mama amjibu la ushuru. Mkitaka kunifukuza kwa uzi huu, katibu kata anajua ninapokaa, aje aichukue kadi yake.