Ngano ya nta, SSIIa au SBEIIa: ungeanza na ipi?

Punje_Moja:
Habari zenu wakuu. Nasomea uzalishaji wa mbegu na nimefika hatua ya kuchagua mada ya utafiti. Moyo wangu uko kwenye wanga wa ngano, na naona njia tatu mbele yangu. Moja ni kuzima jeni za Wx, nipate ngano ya nta isiyo na amilosi, yaani moja ya sehemu mbili za wanga. Nyingine ni kuzima jeni ya SSIIa, amilosi ipande kiasi. Ya mwisho ni kuzima jeni ya SBEIIa, amilosi ipande sana. Kwenye makala kila mwandishi anasifia njia yake. Nyinyi mliokwisha kufanya kazi hii kwa mikono, mkipewa kitalu kidogo na miaka mitatu, mngeanza na ipi?

Mama_Mbegu:
Karibu mwanangu. Usichague kabla hujajua kila jeni inafanya nini, maana hizo tatu haziko sehemu moja ya kazi.

Wanga wa ngano ya kawaida ni karibu robo amilosi na robo tatu amilopektini. Amilosi ni mnyororo mrefu wenye matawi machache sana, na anayeujenga ni kimeng'enya GBSSI kinachotokana na jeni za Wx. Kikikosekana, amilosi haipo. Amilopektini ni kama mti wenye matawi tele: SBEIIa huchipuza matawi, SSIIa huyarefusha. Kwa hiyo ukizima Wx unamwondoa fundi wa amilosi. Ukizima mojawapo ya hizo mbili nyingine unaikwamisha amilopektini, na amilosi ndiyo inayobaki ikitamba.

Kuna jambo la pili ambalo wanaoanza hulisahau. Ngano ya mkate imebeba jenomu tatu, yaani seti tatu za kromosomu, A, B na D, kromosomu 42 kwa jumla. Karibu kila jeni ina nakala tatu, moja kwa kila jenomu. Ukizima moja, mbili zinaziba pengo na wewe huoni kitu. Ndiyo maana mahindi ya nta yalishaandikwa kwenye majarida mwaka 1909, lakini ngano ya nta ilisubiri hadi 1995.

Fundi_Iodini:
Mimi ni wa Wx, tena bila kusita. Sababu yangu ni kwamba jibu unaliona kwa macho.

Chukua punje, ikate kwa wembe katikati kwa upana. Nusu yenye kiinitete iweke pembeni. Ile nusu nyingine dondoshea iodini iliyochanganywa na maji. Punje ya kawaida inageuka bluu nzito, karibu nyeusi. Ya nta inakuwa nyekundu ya hudhurungi, kama kutu. Ukishajua ipi ni ipi, ile nusu yenye kiinitete unaipanda na inaota. Huhitaji kungoja msimu mzima wala kusaga unga. Siku niliyoiona ile rangi ya kutu kwa mara ya kwanza, baada ya trei nzima ya punje za bluu, niliwaita watu wote wa maabara waje waangalie.

Hivyo ndivyo mlango ulivyofunguka Japani. Kulikuwa na Kanto 107, ngano ambayo nakala zake za Wx za A na B zilikuwa zimekufa zenyewe, na Bai Huo ya China, ambayo iliyokufa ni ya D. Ukizichanganya, kizazi cha pili kinakupa punje moja kati ya 64 yenye nakala zote tatu zilizokufa. Hakukuwa na uhamishaji wa jeni hapo, ni uchavushaji tu na uvumilivu.

Angalizo dogo: Wx-B1, yaani nakala ya B, usiitafute kwenye kromosomu 7B. Kipande chake cha kromosomu kilihamia 4A zamani sana. A na D ziko kwenye 7A na 7D kama kawaida.

Tambi:
Fundi amesema kweli, ila naomba tusiruke hatua ya katikati, maana kwangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Ngano ambayo imepoteza Wx-B1 peke yake hushusha amilosi kidogo tu, lakini tambi za udon zinatoka laini na zinavutika vizuri mdomoni. Wajapani walikuwa wakipenda ngano fulani za Australia kwa kazi hiyo, na ilipochunguzwa ikaonekana nyingi hazina Wx-B1.

Ngano ya nta kamili ni habari tofauti. Unga wake unakunywa maji mengi, na mkate wake ndani unanata na kusinyaa ukipoa. Hautumiki peke yake kwa mkate. Ukiuchanganya kidogo kwenye unga wa kawaida, mkate unachelewa kukakamaa.

Nyuzi:
Kama lengo ni afya ya mlaji, SBEIIa haina mpinzani. Mwaka 2006 watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti la Australia, waliinyamazisha kwa njia ya RNA na amilosi ikapita asilimia 70. Ile ilikuwa ngano ya GMO, yaani iliyobadilishwa jeni maabara. Baadaye wengine walifika kwenye amilosi nyingi bila kuhamisha jeni yoyote: walitibu mbegu kwa kemikali inayoharibu jeni hapa na pale, wakapekua maelfu ya mimea hadi wakapata kasoro katika kila nakala, kisha wakaziunganisha kwa kuchavusha.

Wanga wa namna hiyo sehemu yake kubwa hausagwi kwenye utumbo mwembamba. Unafika utumbo mpana, bakteria wanauchachusha, na asidi ya butiriki inayotoka hapo ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo. SSIIa nayo inapandisha amilosi, lakini inaishia kwenye theluthi hivi au zaidi kidogo.

Na usiige mahindi. Kwenye mahindi inayozimwa ni SBEIIb. Kwenye ngano, ukizima IIb peke yake hupati hiyo amilosi. Mwenye kazi ni IIa.

Mizani:
Nyuzi, nakuheshimu sana, lakini hapa lazima nikupinge. Asilimia 70 ya nini? Amilopektini ikipungua, asilimia ya amilosi inapanda hata kama amilosi yenyewe haikuongezeka hata chembe. Nimepima punje za namna hii: nyepesi, zimenywea, na chembe za wanga chini ya hadubini zimepinda badala ya kuwa duara kama dengu. Wanga wote kwa jumla umepungua.

Wala si jambo geni. Njegere zilizokunjamana za Mendel, yule mtawa aliyeanzisha elimu ya urithi, zilikuwa na kasoro ya aina hiyohiyo. Mwaka 1990 ilionyeshwa kwamba kipande cha DNA kimejipachika ndani ya jeni ya kimeng'enya kinachochipuza matawi ya wanga. Sukari inabaki bila kugeuzwa wanga, inavuta maji, na mbegu ikikauka ngozi inakunjamana.

Punje_Moja, utakachochagua chochote, andika miligramu za amilosi kwa kila punje na uzito wa punje elfu. Asilimia peke yake inapotosha.

Nyuzi:
Hilo la uzito nalikubali, Mizani. Ndiyo maana wanaozalisha mbegu hizi huzichavusha tena na tena na aina zenye mavuno mazuri. Uzito haurudi wote, lakini pengo linapungua.

Punje_Moja:
Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Nimeelewa SSIIa niiweke kando. Swali langu la mwisho: kwa nini nisitumie ngano ya duramu kwa SBEIIa? Ina jenomu mbili tu.

Mama_Mbegu:
Wazo zuri, mwanangu. Ila ujue duramu haina jenomu D, kwa hiyo haina puroindolini, protini zinazolainisha punje, na punje yake ni ngumu mno. Inafaa pasta. Kama ndoto yako ni unga wa mkate, baadaye utarudi kwenye ngano ya mkate.

Fundi_Iodini:
Na kwa hesabu duramu inakupa nafuu kubwa. Kwa nakala mbili unatafuta mmoja kati ya 16. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 wa kupata angalau mmoja, miche 47 inatosha. Kwa nakala tatu unahitaji 191. Lakini kwa SBEIIa usitegemee rangi ya iodini kama kwenye nta, maana zote zitakuwa bluu. Kata kipande cha jani mche ukiwa mdogo, toa DNA, na upime nakala ya A na ya B kila moja kivyake. Mimea yenye nakala moja tu iliyokufa usiitupe, itunzie mbegu zake. Utaihitaji kwa kulinganisha.