Niko na mpasuko wa njia ya haja kubwa, nizae kawaida ama CS?

MamaTaji_Umoja
Mamaz habari zenu, hii kitu hata kuandika naona aibu lakini hapa hakuna mtu ananijua. Niko wiki ya 33, mimba ya pili, na tangu nizae kifungua mimba niko na huo mpasuko huko nyuma, unapona kidogo halafu choo ikikauka siku moja unafunguka tena, damu kwa tishu na ule uchungu wa kama wembe unakaa masaa. Sai tembe za damu za kliniki ndio zimeharibu mambo kabisa. Mama mkwe anasema kuzaa ni kawaida, bwanangu anasema tuchange pesa ya CS. Nikisukuma si nitachanika yote?

Shiro_wa_Rongai
Pole aki. Mimi nilizaa kawaida nikiwa nayo. Kusukuma mtoto hata sikuskia huko nyuma, shida ilikuwa choo ya kwanza, nilijizuia juu ya uoga, nikajizuia tena, kutoka ikatoka ngumu ikanipasua upya. Ukishazaa uliza dawa ya kulainisha choo hiyo hiyo siku, usingoje ufunge.

Kui254
Na msidhani CS inaokoa huko nyuma. Mimi nilipelekwa kisu juu mtoto alikuwa ametanguliza matako, zile dawa kali za maumivu kama tramadol zikanifunga choo, tumbo gesi tupu, na kukamua huwezi na mshono uko hapo. Mpasuko ulirudi tu, sasa nauguza juu na chini.

MkungaWaZamu
MamaTaji, mpasuko peke yake sio sababu ya CS. Swali ni ule msuli wa kufunga haja uko aje. Kama mara ya kwanza ulichanika ukafika kwa msuli (wanaandika daraja ya 3 ama ya 4), ama ulishawahi kukatwa huo msuli kutibu mpasuko, ama hewa na choo zinakuponyoka, hapo CS inazungumzwa kabisa na daktari wa uzazi, ikiwezekana na wa upasuaji pia. Angalia kitabu chako cha kliniki.

Kama msuli uko sawa, kawaida inawezekana. Kuanzia wiki ya 34 hivi unaweza kukanda kati ya uke na haja na mafuta safi, na leba mwambie mkunga mapema kabla uchungu ukolee, akuwekee kitambaa cha maji ya moto kiasi kichwa kikikaribia na akuongoze usisukume kwa pupa. Tembe za damu usiache, omba wakubadilishie aina. Lactulose, ile dawa ya maji ya kulainisha choo, ni sawa kwa mjamzito na kwa mwenye ananyonyesha. Maji mingi, papai, managu, na ukitoka choo kaa kwa karai ya maji vuguvugu dakika kumi hivi. Zile krimu za kulegeza msuli usijinunulie kwa kemisti, na hiyo damu usiseme tu ni mpasuko, ionwe.

MamaTaji_Umoja
Asanteni sana. Nimefungua kitabu, wameandika niliongezwa njia nikashonwa, msuli hakuna mahali umetajwa. Hewa nashika vizuri. Kliniki ni Jumanne, nitauliza wanicheki huko kabla ya mambo ya pesa ya CS. Mkunga, na hizo managu nikichemsha na maziwa bado zinasaidia choo ama lazima ziwe za maji tu?

MkungaWaZamu
Weka maziwa mama, hazipotezi kitu. Kula sahani imejaa.